Springi Alizozichagua Mama Mkwe

Gari la kwanza kuingia katika kihamba chetu cha Marangu, shamba letu la nyumbani, lilikuja limeinama. Mume wangu alilinunua kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifunga shamba ili arudi kwao, na mlowezi yule alikuwa mtu mnene sana. Kwa miaka mingi alikaa kulia, kwenye usukani, na gari likamzoea. Hata alipoondoka, upande wa kulia ulibaki chini. Wapita njia waliokuwa wakienda sokoni walisimama kulitazama. Jirani yetu mmoja, mzee mpole asiyejua utani, alimwuliza mume wangu kwa dhati kabisa, "Mwalimu, gari lako linasikiliza nini huko chini?"

Ilikuwa miaka ya hamsini, kahawa ina bei nzuri, na watu wa mlimani walikuwa wakiezeka nyumba zao kwa mabati na kununua cherehani. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, na kahawa yake aliipalilia kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya kengele ya jioni. Mimi nilikuwa na mwaka wa pili katika ndoa. Tuliishi na mama yake, mjane, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, ambaye alipanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani huku akiendelea kuzungumza na mtu aliye nyuma yake.

Gari lenyewe lilikuwa la Kiingereza, la zamani. Mbele lilikuwa na viti viwili vya ngozi, na nyuma bodi ya mbao yenye mabenchi mawili na paa la turubai juu ya fito. Jumapili ya kwanza mume wangu alituchukua kwenda kanisani. Mimi na mama tulikaa nyuma, tumevaa vizuri. Tulipofika kwenye daraja la magogo, gari liliruka, likatua, likaruka tena bila kuguswa na kitu, na mara ya tatu kichwa cha mama kikagonga ufito wa paa.

"Simamisha," alisema.

Mume wangu akasimamisha. Mama akashuka, akavua viatu, akavishika mkononi, akatembea. Sisi tulifika mapema. Yeye aliingia wimbo wa pili umekwisha, akapita katikati ya kanisa polepole hadi benchi la mbele, na kila mtu akaelewa kwamba gari la mwalimu limeshindwa na miguu ya mama yake.

Hayo yangeishia hapo kama si habari za wifi yangu.

Wifi yangu, binti pekee wa mama, alikuwa ameolewa Kilema miaka minne kabla yangu. Kilema si mbali. Ukisimama mahali pazuri unaona moshi wa majiko yao ng'ambo ya mabonde. Lakini huko walikuwa Wakatoliki, na sisi tulikuwa Walutheri, na katika siku zile mama zetu waliona jambo hilo kuwa zito kuliko mabonde yote ya katikati. Binti alipobadili kanisa ili aolewe, mama hakupiga kelele. Siku ya harusi alishinda akipalilia kahawa iliyokuwa imepaliliwa juzi yake. Tangu hapo hakwenda Kilema, na binti hakuja Marangu. Salamu zilipita kwa watu wengine, fupi fupi.

Sasa ikaja habari kwamba wifi, baada ya kungoja miaka yote ile, ana mimba na karibu atajifungua. Kwetu mama wa mzazi ana kazi zake katika siku kama hizo. Jioni moja, tukiwa tunakula kiburu cha ndizi na maharage, mume wangu alijitosa.

"Mama, Jumamosi ijayo twende Kilema. Wote watatu, kwa gari."

"Kwa gari lile?"

"Lile."

"Nina kiuno kimoja tu, baba. Kikivunjika sina kingine."

"Shida ni springi za nyuma. Nikizibadilisha, utakwenda?"

Mama alitafuna kwa muda mrefu kuliko kiburu kinavyohitaji. "Ukibadilisha," alisema mwisho, "na nikiziona kwa macho yangu mwenyewe. Sitaki kuambiwa."

Basi Jumamosi tulishuka Moshi, mama akiwa kiti cha mbele, ameshika dirisha kwa mikono miwili, nami nyuma nikiruka na mabenchi.

Fundi wetu alikuwa na gereji ya mabati nyuma ya soko. Baba yake alikuwa Mshihiri, mama yake Mpare, na mwenyewe alizaliwa palepale mjini, ukimwuliza kabila alikujibu, "Mtu wa Moshi." Alikuwa mtu mwembamba, kofia yake nyeupe siku zote, ingawa mikono ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko. Alimwamkia mama shikamoo, akamtafutia kiti, kisha akatandika gunia na kuingia chini ya gari. Alipotoka alijipangusa pole pole.

"Mwalimu, springi ya kulia imevunjika pande la pili, na la nne limepata ufa. Ya kushoto haijavunjika, ila imechoka. Shokomzoba usiniulize."

"Nakuuliza."

"Hazina mafuta. Zimebaki pambo."

Mama alinigusa bega nimweleze. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi na kuuzia ndizi, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wao. Fundi akatuletea springi nyingine iliyokuwa imeegemezwa ukutani ili mama aione vizuri: mapande ya chuma bapa yamelaliana, refu juu na fupi chini, yamejikunja kama upinde. Akatueleza kwamba njia ni tatu. Ya kwanza, kuzifungua zile zile za zamani, kubadilisha mapande mabovu, na kumpa mfua chuma wa jirani azitie motoni na kuzikunja upya. Ya pili, kufunga springi nene kutoka kwenye lori moja bovu lililolala nyuma ya gereji. Ya tatu, kuagiza mpya za gari lile lile.

"Za lori," alisema mume wangu papo hapo. "Nene ni nene. Hazitavunjika."

"Hazitavunjika," fundi alikubali. "Lakini kwanza niambie, mwalimu. Gari hili, siku nyingi za wiki, litabeba nini?"

"Magunia ya kahawa. Ndizi. Mbao, nikijenga."

"Kila siku?"

"Msimu wa kahawa."

"Na siku nyingine?"

Nilipomtafsiria mama swali hilo, alijibu mwenyewe kwa Kiswahili, akijigonga kifuani. "Mimi."

Fundi alicheka, akavuta kigogo, akakaa karibu na mama. Akamwambia, nami nikitafsiri, kwamba springi ya lori imetengenezwa ikitazamia mzigo mkubwa. Mzigo huo usipokuwepo, springi haijikunji. Inakataa, na kila jiwe la barabarani linampiga aliyekaa juu. Springi laini nayo, ukiijaza magunia, inalala hadi chuma kinagonga chuma. Kwa hiyo springi nzuri ni ile inayolingana na mzigo wako wa kila siku.

Mama alisikiliza, kisha akavua kitambaa cha kichwani, akakizungusha mkononi kikawa ngata, akakiweka juu ya utosi.

"Mwambie," aliniagiza, "ngata nene mno inaukalisha mkungu juu, unayumba, shingo inauma. Nyembamba mno, mkungu unakula fuvu. Kila mwanamke anajua ngata ya mzigo wake. Lakini ngata peke yake haitoshi. Ukiruka mfereji, mkungu unataka kuruka nawe. Kinachouzuia ni shingo na magoti. Hiyo ngata nimeiona. Magoti ya gari yako wapi?"

Nilipomaliza kutafsiri, fundi alimtazama mume wangu. "Miaka yote hii natafuta namna ya kuwaeleza wateja wangu shokomzoba ni nini," alisema. "Springi inabeba. Shokomzoba inaizuia isiendelee kucheza. Ni magoti, mama. Ndiyo hayo."

Basi nilidhani kazi imekwisha. Lakini mama alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Alikwenda kwa mfua chuma, akamtazama akitoa springi ya mtu mwingine motoni, ikiwa nyekundu. Akauliza ikishakunjwa upya itakaa muda gani. Fundi, ambaye hakujua kusema uongo wa biashara, alisema ikipozwa vizuri inaweza kukaa mwaka, ikipozwa vibaya hata miezi miwili haifiki. Mama akakataa. Akaenda kuzikagua za lori, akazisukuma kwa mguu, akakataa.

"Zimebaki mpya," alisema fundi. "Lakini lazima ziagizwe Nairobi. Wiki tatu, labda nne."

"Tutasubiri," alisema mama upesi sana, na uso wake ukafunguka.

Nilimwona. Nikashangaa kidogo, kwa sababu hakuwa mtu wa kupenda kusubiri.

Mume wangu ndiye aliyeshindwa kusubiri. Jumamosi iliyofuata alishuka mjini peke yake, akamsihi fundi, akarudi alasiri na springi za lori. Gari lilikuwa limenyooka, hilo sikatai. Lilikuwa limesimama juu kama jogoo. Yule jirani yetu mzee alilizunguka mara mbili na kusema sasa limeacha kusikiliza, linatazama.

Mama alitoka jikoni akiwa na kikapu cha mayai na kibuyu cha maziwa, akaviweka kwenye benchi la nyuma.

"Vipelekeni hivi kwanza hadi kwenye kiwanda cha mbao, mrudi navyo," alisema. "Vikifika salama, nami nitafika."

Nilikaa navyo. Nilikishika kikapu mapajani kama mtoto mgonjwa, na bado, kila tulipokanyaga mzizi, tulipaa wote: mimi, kikapu na kibuyu, kila mmoja kwa wakati wake. Mume wangu aliendesha polepole, akiniuliza kila mara, "Vipi?" nami nikimjibu, "Endesha tu." Tuliporudi, mayai mazima yalikuwa manne. Katika kibuyu, maziwa yalikuwa yameanza kufanya mabonge ya siagi.

Mama alichungulia kikapuni kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha. "Hayo ni mayai," alisema. "Mimi ni mzee zaidi."

Jioni ile tulikula mayai hadi tukachoka. Jumatatu, baada ya shule, mume wangu alizirudisha springi za lori kwa fundi, akafungiwa zile za zamani kwa muda, akaagiza mpya kutoka Nairobi. Gari likarudi kuinama.

Ni katika wiki za kusubiri ndipo nilipoelewa. Tulikuwa tumekaa mlangoni tunamenya ndizi, mama na mimi, na mikono yetu ilikuwa imekwisha kuwa myeusi kwa utomvu. Nikamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama, springi za Nairobi zikija, zikawa nzuri?"

"Zitakuwa mbaya."

"Na zikiwa nzuri?"

Alimenya ndizi mbili, tatu.

"Unafikiri atanifungulia mlango?" alisema.

Yeye aliendelea kumenya, akikitazama kisu.

"Waliniambia alisimama nje ya kanisa lao, na watu wote wamekwisha kuingia. Anatazama barabara. Mimi nilikuwa napalilia. Mtu akiniuliza binti yako alivaaje siku ile, nitasema nini? Nitasema kahawa ilikuwa safi?"

"Atafungua, mama."

"Wewe humjui. Anafanana na mimi."

Tulimaliza ndizi. Sikumwambia mume wangu mazungumzo yale, si kwa sababu ya siri, ila nilijua angekwenda kumfariji mama kwa maneno mengi ya kiualimu, naye mama angekasirika na kukataa gari, springi na safari, vyote pamoja.

Siku chache baadaye, mwanamke mmoja kutoka Kilema aliyekuwa akiuza maharage sokoni alimwita mama kando. Wifi alikuwa amejifungua. Mtoto wa kike, mzima, na mama yake mzima. Mama alirudi nyumbani na habari hiyo, akaitoa kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akaingia bandani kwa ng'ombe na kukaa huko kwa muda ambao hakuna ng'ombe anayeuhitaji.

Springi zilifika kwa treni wiki hiyo hiyo. Tulishuka Moshi asubuhi mapema, na safari hii mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia garini.

Zilikuwa nzuri kuzitazama. Bado zilikuwa na rangi nyeusi ya kiwandani na grisi katikati ya mapande. Fundi aliziweka chini kando ya gari, akatuinamisha tuchungulie na za zamani chini ya bodi, tuone tofauti: mpya zimejikunja, za zamani zimelala kama ulimi. Mume wangu aliuliza kama haingefaa kubadilisha ya kulia tu, ya kushoto ikabaki akiba. Fundi akatikisa kichwa. Springi hubadilishwa mbili kwa pamoja, alisema, la sivyo moja inabeba na nyingine inategea, na gari linainama upande wa pili.

"Kama ng'ombe wa plau," alisema mama nilipomtafsiria, naye fundi akasema ndiyo hasa.

Kisha tukafika kwenye shokomzoba. Za gari lile zilikuwa vyungu vidogo vya chuma vyenye mafuta ndani, kila kimoja na mkono unaoungana na ekseli. Fundi alikuwa na aina mbili za kutuonyesha: moja ya zamani, ambayo alikuwa ameifungua, akaibadilisha mipira na kuijaza mafuta mazito, na nyingine mpya kutoka kwa Mhindi wa duka la vipuri, barabara ya pili. Akazibana zote kwenye jiliwa mezani, na kando yake akabana moja ya zile zetu mbovu aliyokuwa ameifungua garini.

"Mama, vuta mwenyewe," alisema. "Mkono wako utajua."

Mama alivuta mkono wa ile mbovu. Ulikwenda juu na chini bila kizuizi, kama mkono wa mtu aliyelala usingizi. Akavuta ile iliyotengenezwa. Mwanzoni ilikuwa nzito, lakini katikati ikaachia ghafla, kisha ikawa nzito tena. Akarudia mara tatu, akakunja uso kila ilipofika pale katikati. Mwisho akavuta ile mpya. Ilikwenda polepole, kwa uzito ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho, na alipoisukuma chini ilimpinga vivyo hivyo.

"Hii," alisema. "Inakataa, lakini inakubali."

Sikupata shida kuitafsiri. Fundi aliiondoa kwenye jiliwa, akamtuma mume wangu dukani akalete ya pili yake.

Kazi ilichukua hadi baada ya adhuhuri. Fundi aliinua gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya magogo, akafungua yubolti, zile bolti zinazobana springi kwenye ekseli, zilizokuwa zimeshika kutu mpaka ikabidi nyingine zikatwe. Alisimama mara moja tu, kwenda kuswali. Mama hakutaka kuondoka. Alikaa pale pale kwenye kiti chake, akanywa kahawa ya muuza kahawa wa soko, ambayo alisema ni yetu wenyewe ila wameiunguza, akala maandazi mawili, na kila fundi alipotoka chini ya gari alimwuliza kwa ishara, hiyo ni nini? Naye alimwonyesha: hii bushi, huu mpira, hii nati.

Gari liliposhushwa chini, lilikuwa limenyooka bila majivuno. Fundi akamwita mume wangu, wakashika nyuma ya bodi, wakakandamiza kwa uzito wao wote, wakaachia. Gari likapanda, likashuka kidogo, likatulia.

"La zamani lingecheza mara tano, sita," alisema fundi. "Likitulia hivi, limepona. Lakini baada ya siku chache za barabara mbaya, mwalimu, kaza yubolti tena. Springi mpya hukaa mahali pake taratibu, na nati zinalegea. Usisahau."

Mama alitaka kukandamiza mwenyewe. Alikandamiza kwa mikono yake mipana, akaachia, akasubiri. Akakandamiza tena. Kisha akasimama tu, akilitazama gari, na mimi nilijua anatafuta kasoro. Alilizunguka. Akainama, akachungulia chini. Fundi alisimama, spana mkononi, kama mwanafunzi anayesubiri daftari lake lirudi.

"Ni nzuri," alisema mama, kwa huzuni kidogo.

Tulipokuwa tunaondoka alimwomba mume wangu asimame sokoni. Aliteremka peke yake, akakaa kidogo, akarudi na kifurushi cha karatasi, akakiweka chini ya miguu. Hatukumwuliza.

Sijasahau safari ile. Barabara ilikuwa ile ile, mawe yale yale, na mashimo ambayo mume wangu alikuwa ameyapa majina ya wakaguzi wa shule. Tuliyapita yote. Gari lilizama, likainuka, likatulia, likaendelea. Nyuma kwenye benchi niliachia mikono yangu kwa mara ya kwanza, nikaweza kutazama mashamba ya mkonge upande wa chini na mlima upande wa juu, kileleni kumefunikwa mawingu kama kawaida ya mchana. Mume wangu alianza kuimba.

Tulipokaribia njia panda ya kupandia Kilema, mume wangu aliacha kuimba. Alipunguza mwendo. Alimtazama mama kwa pembe ya jicho, naye mama alitazama mbele. Gari likawa linakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, mpaka baiskeli ikatupita.

"Mbona unakawia?" mama alisema. "Kata kona. Mtoto hatatungoja mpaka aote meno."

Tulipanda. Njia ilikuwa nyembamba, migomba pande zote ikigusa turubai, na mara mbili nilishuka kuongoza magurudumu juu ya mifereji. Watu walitoka kutazama gari. Tulipofika penye kihamba cha wifi, mume wake alikuwa uani akigeuza kahawa kwenye kichanja. Alipomwona mama mkwe wake akishuka, alirudi nyuma hatua kadhaa, kwa heshima na kwa mshangao, maana kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe wake hivi hivi. Aliamkia shikamoo kutoka pale alipokuwa, akaita kuelekea ndani.

Wifi alitoka na mtoto mkononi. Niliona kweli wanafanana: ufupi ule ule, mabega yale yale, na namna ile ile ya kusimama kama mtu anayesubiri mwingine aanze. Walitazamana. Mume wangu alifungua kinywa, nikamkanyaga mguu.

"Mama," alisema wifi. "Kimekuleta nini?"

Mama alikuwa amekishika kile kifurushi kwa mikono miwili. "Nimekuja kujaribu springi," alisema.

Wifi alilitazama gari, kisha mama yake, kisha gari tena. Nilidhani atalia, na labda alitaka, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, na kikamshika hata mtoto akaamka na kulalamika. "Na zikoje?" aliuliza.

"Nzuri. Nilizichagua mwenyewe. Nipe huyo mtoto, unamshika vibaya."

Alimpokea, akaketi naye kwenye kigoda, akafungua kile kifurushi kwa mkono mmoja. Ndani mlikuwa na blanketi dogo jeupe na fulana mbili za mtoto. Wifi alikaa chini kando ya kigoda, akaegemea goti la mama yake. Hawakuzungumza habari za harusi, si siku ile. Mama aliuliza mzazi amekuwa akila nini, na alipojibiwa alisema si mbaya, ila mtori wao una maji mno. Aliagiza nyama. Aliagiza maziwa. Alimwambia mkwewe, akimtazama pembeni kwa adabu, kwamba kama ana mbuzi wa kuchinja kwa ajili ya mlaso wa damu wa kumrudishia mzazi nguvu basi asimwonee huruma. Mkwe alikwenda mbio kumtafuta mbuzi, na nilivyomwona alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale uani.

Tulipotaka kurudi, mama alisema tutangulie. Akabaki Kilema wiki sita. Mume wangu alikwenda kila Jumamosi na ndizi na maziwa, na Jumamosi ya kwanza alilala chini ya gari katika ua wa shemeji yake, wakakaza yubolti pamoja, kama fundi alivyoagiza. Ndivyo walivyozoeana, wawili hao, kwa kupokezana spana.

Mtoto alipobatizwa tulikwenda wote. Mama alikaa benchi la katikati, mkono wake mmoja juu ya bega la binti yake, akafuata kila jambo kwa makini, akisimama wenzake wanaposimama. Tulipotoka nilimwuliza ameonaje.

"Padre wao anahubiri kwa ufupi," alisema.

Jumapili iliyofuata, mlangoni mwa kanisa letu Marangu, alimsimamisha mchungaji wetu na kumwambia vivyo hivyo. Mchungaji alicheka, lakini hotuba yake ya wiki iliyofuata niliipima kwa jua la dirishani, na kweli ilikuwa imepungua.